Kupunguza na Kuondoa

Wahenga walisema ya kuwa ahadi ni deni. Methali hii hutamkwa kila siku, na kwa sababu hutamkwa kila siku wengi wameacha kuipima. Deni lina sehemu tatu: kiasi chake, siku ya kulipwa kwake, na mtu atakayelilipa. Ahadi isiyokuwa na sehemu hizi tatu si deni; ni maneno mema tu, na maneno mema hayajapata kumshibisha mwenye njaa. Katika insha hii, msomaji, nataka kukueleza historia ya ahadi moja iliyoandikwa kwa tarakimu na tarehe. Ahadi hiyo ilikubaliwa na Bunge la Uswidi, nchi ya baridi iliyo kaskazini mwa Ulaya, katika mwezi wa Juni mwaka wa 2017. Nchi hiyo iliahidi kwamba ifikapo mwaka wa 2045, kiasi cha hewa za joto inachotoa na kiasi inachofidia vitakuwa sawasawa. Na baada ya hapo itaondoa katika anga zaidi ya inavyotoa.

Huenda ukauliza: Uswidi ina nini na mimi? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu. Hewa haina mpaka wala haiulizwi hati ya kusafiria. Moshi utokao katika bomba la Stockholm huchanganyika na hewa ya dunia nzima, na haupiti muda mrefu kabla ya kuwa juu ya Kisumu na Mombasa kama ulivyo juu ya Stockholm. Kwa hiyo, ahadi ya nchi moja juu ya hewa ni ahadi kwa watu wote, hata kwa wale ambao hawakuombwa ushauri. Tena, kama utakavyoona, njia ya historia hii imepita Nairobi.

Kwanza yatupasa kuielewa hewa yenyewe. Wataalamu huiita kabonidioksaidi, na watu wengi huiita hewa ukaa. Ukaa si adui kwa asili yake. Mimea hujilisha kwa ukaa, nasi twautoa kila tushushapo pumzi. Kazi yake angani ni kama kazi ya blanketi: huzuia sehemu ya joto la dunia lisipotee, na bila blanketi hilo dunia ingekuwa barafu. Taabu haiko katika kuwako kwake bali katika wingi wake. Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa za ukaa. Leo sehemu hizo zimepita 420. Ongezeko hilo limetokana hasa na kuchomwa kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kukatwa kwa misitu. Sehemu ya ukaa huo humezwa na bahari na mimea, lakini sehemu nyingine hukaa angani kwa karne nyingi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo letu. Tufikiri habari za jahazi linalovuja katikati ya bahari. Mabaharia wana kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, ili maji yasizidi kuingia. Kazi ya pili ni kufua maji, yaani kuyachota yaliyokwisha kuingia na kuyamwaga nje. Afuaye maji bila ya kukalafati hujichosha bure. Na akalafatiye bila ya kufua husafiri na chombo kizito kisichoinuka. Kazi zote mbili ni za lazima, lakini ni kazi mbili, si moja. Nahodha anayetaka kujua kweli hana budi kuuliza maswali mawili: nyufa ngapi zimezibwa, na ndoo ngapi zimemwagwa. Akiuliza swali moja tu, mabaharia wavivu watamwonyesha ndoo nao wataficha nyufa.

Kupunguza ukaa unaotolewa ni kukalafati. Kuondoa ukaa uliokwisha kuingia angani ni kufua maji. Historia ya siasa ya ukaa, kwa sehemu kubwa, ni historia ya mataifa yaliyochelewa kuzitenga kazi hizi mbili.

Hesabu ya kwanza iliyo kubwa juu ya ukaa na joto la dunia ilifanyika Uswidi yenyewe. Mwanachuoni wa Stockholm aliyeitwa Svante Arrhenius alitaka kujua sababu iliyoleta zama za barafu hapo kale. Hakuwa na mashine ya kuhesabia. Alikuwa na kalamu, karatasi na subira. Baada ya hesabu za muda mrefu alitangaza mwaka wa 1896 kwamba ukaa wa angani ukizidi mara mbili, joto la dunia litapanda kwa digrii 5 au 6. Wataalamu wa leo, kwa vyombo vikubwa, hutaja kadiri ya digrii 3. Lakini njia aliyoipita ilikuwa sahihi. Arrhenius hakuogopa alichokiona. Aliishi katika nchi ya theluji, akadhani kwamba joto kidogo lingekuwa neema, na kwamba wanadamu wangehitaji maelfu ya miaka kuufikisha ukaa katika kiasi hicho. Alijua hesabu ya joto, lakini hakujua hesabu ya pupa ya binadamu.

Zilipita zaidi ya miaka sitini kabla ya kupatikana kipimo cha kuaminika. Mwaka wa 1958 Mmarekani aitwaye Charles David Keeling alianza kupima hewa juu ya mlima wa Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, mbali na moshi wa miji. Alikuta sehemu 313 hivi katika kila milioni. Mwaka uliofuata zilizidi, na mwaka uliofuata zikazidi tena. Tangu hapo mtu asiyeamini hakuweza kusema kuwa jambo hili ni dhana. Lilikuwa limeandikwa mwaka baada ya mwaka, kama mzazi aandikavyo kimo cha mtoto wake ukutani.

Mwaka wa 1972, katika mwezi wa Juni, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake mkubwa wa kwanza juu ya mazingira ya binadamu, nao ulifanyika katika mji wa Stockholm. Kutokana na mkutano huo, mwaka huo huo likaundwa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na makao yake makuu yakawekwa Nairobi, ambako yangali hata leo. Hivyo ndivyo mji wa Arrhenius na mji mkuu wetu ulivyofungwa kwa uzi mmoja. Lakini mkutano ule haukuweka lengo lolote la ukaa. Ulifungua mlango; haukuvuka kizingiti.

Uswidi ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kufanya tendo. Mwaka wa 1991 ilianza kutoza kodi ya ukaa: kronor 250 kwa kila tani. Aliyechoma mafuta kwa wingi alilipa kwa wingi, na aliyepata njia nyingine alipona. Nyumba za mijini, ambazo huko hupashwa joto kwa maji ya moto yanayopitishwa katika mabomba kutoka mitambo mikubwa, ziliacha mafuta polepole, zikageukia mabaki ya miti na takataka. Miaka ilivyopita kodi ile iliongezwa hata ikazidi kronor 1,000. Katika miaka thelathini baada ya 1990, hewa za joto zilizotolewa ndani ya Uswidi zilipungua kwa kadiri ya theluthi moja. Nyufa zilikuwa zikizibwa.

Wakati huo mataifa nayo yalikuwa yakitafuta mapatano. Mwaka wa 1992, huko Rio de Janeiro, yalitia sahihi mkataba uliotaja mambo yote mawili: kupunguza hewa zinazotolewa, na kuhifadhi misitu na bahari zinazomeza hewa hizo. Mwaka wa 1997, huko Kyoto katika nchi ya Japani, nchi tajiri ziliahidi kupunguza kwa jumla asilimia 5 hivi chini ya kiasi cha mwaka wa 1990, katika kipindi cha kuanzia 2008 hadi 2012. Lakini mkataba huo uliruhusu pia misitu iingizwe katika hesabu, bila ya kusema waziwazi kwa kadiri gani. Ugomvi ukazaliwa papo hapo.

Ugomvi huo ulilipuka katika mwezi wa Novemba mwaka wa 2000, katika mji wa The Hague, Uholanzi. Marekani, Kanada na Japani zilitaka ukaa unaomezwa na misitu na mashamba yao uhesabiwe kuwa sehemu kubwa ya malipo ya deni lao. Nchi za Ulaya zilikataa. Zilisema kwamba miti ile ilikuwa ikikua hata kabla ya ahadi kutolewa, na kwamba mtu hawezi kulipa deni jipya kwa fedha alizokwisha kuzihesabu zamani. Mkutano ukavunjika bila ya mapatano. Marekani ilijitoa katika mkataba wa Kyoto mwaka uliofuata. Katika mwezi wa Julai mwaka wa 2001, huko Bonn katika nchi ya Ujerumani, waliobaki walikubaliana: kila nchi ikapewa mpaka wa kiasi cha ukaa wa misitu ambacho ingeweza kukihesabu, na kupita hapo ilikatazwa. Msomaji, likumbuke tendo hilo. Hapo ndipo mataifa yalipokiri kwamba kuondoa kusikokuwa na mpaka kwaweza kuua kupunguza.

Mwaka wa 2015 ukaja Mkataba wa Paris. Mataifa yalikubaliana kuzuia joto la dunia lisizidi digrii 2 juu ya lile la zama za kabla ya viwanda, na kujitahidi lisipite digrii 1.5. Yakakubali pia kwamba katika nusu ya pili ya karne hii pawe na mizani kati ya kinachotolewa na kinachoondolewa. Neno mizani ni zuri, lakini lina mtego. Mizani ya duka haisemi ni sukari au ni chumvi; husema tu kwamba pande mbili zimelingana. Nchi yaweza kupunguza sana na kuondoa kidogo, nayo mizani italingana. Nchi nyingine yaweza kupunguza kidogo na kuahidi kwamba siku moja itaondoa mno, na juu ya karatasi mizani italingana vilevile. Ya kwanza imefanya kazi. Ya pili imeandika hundi juu ya akiba ambayo haijawekwa benki.

Ndipo Waswidi walipoandika ahadi yao. Vyama saba kati ya vinane vilivyokuwa bungeni viliafikiana juu ya mpango mmoja, ili badiliko la serikali lisiwe badiliko la nia. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Iliitaka kila serikali itoe taarifa kwa Bunge kila mwaka, na baraza la wataalamu lisilo chini ya amri ya serikali likaundwa ili kuichunguza kazi hiyo. Lakini jambo lililo kubwa kwa somo letu ni tarakimu mbili. Bunge halikusema tu kwamba mizani italingana mwaka wa 2045. Lilisema kwamba hewa zinazotolewa ndani ya nchi lazima zipungue kwa asilimia 85 angalau chini ya kiasi cha mwaka wa 1990. Na kwamba zilizobaki, zisizozidi asilimia 15, ndizo zitakazoruhusiwa kufidiwa kwa njia nyingine.

Tuzipime tarakimu hizo. Mwaka wa 1990 Uswidi ilitoa kadiri ya tani milioni 71 za hewa za joto, zote zikipimwa kwa kipimo cha ukaa. Asilimia 15 ya kiasi hicho ni kama tani milioni 10.7. Kwa hiyo mwaka wa 2045 nchi ile haitaruhusiwa kutoa zaidi ya hapo, hata ikiwa na misitu kiasi gani. Kwa nini haikusema isitoe kabisa? Kwa sababu ziko hewa zilizo ngumu kuzikomesha: ng'ombe hucheua na kutoa hewa ya methani, mbolea hutoa hewa yake shambani, na mawe ya chokaa yakichomwa kwa kutengeneza saruji hutoa ukaa hata kama moto wenyewe ni safi. Hizo ndizo nyufa ambazo kalafati bado hajapata pamba ya kuzitosha.

Fidia ya asilimia 15 iliruhusiwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuongeza ukaa unaomezwa na misitu na ardhi, kupita kiasi ambacho ungemezwa hata bila ya jitihada. Ya pili ni kulipia kazi za kupunguza hewa hizo katika nchi nyingine. Na kwa njia hii Uswidi imekwisha kufanya mapatano na Ghana. Ya tatu ni kuunasa ukaa utokao katika mitambo inayochoma mabaki ya miti, na kuuzika chini ya ardhi.

Mwaka wa 2018 jopo la wataalamu wa hali ya hewa la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa iliyotia nguvu hoja hii. Lilisema kwamba kila njia iliyochunguzwa ya kuzuia joto lisipite digrii 1.5, au lisipite kwa kiasi kikubwa, ilihitaji kuondoa ukaa angani: kati ya tani bilioni 100 na bilioni 1,000 katika karne hii. Hapana aliyeweza tena kusema kwamba kukalafati peke yake kwatosha. Lakini kadiri hitaji la kuondoa linavyokuwa kubwa, ndivyo kishawishi cha kuliahirisha linavyozidi. Umoja wa Ulaya uliona hatari hiyo. Sheria yake ya mwaka 2021 iliweka lengo la kupunguza asilimia 55 ifikapo mwaka 2030, lakini iliweka mpaka: ukaa unaoondolewa na ardhi na misitu usihesabiwe katika lengo hilo zaidi ya tani milioni 225.

Mpaka wa juu, hata hivyo, haufui maji. Kusema "usizidi hapa" si sawa na kusema "fanya hiki". Mwezi wa Januari mwaka wa 2020 tume iliyoteuliwa na serikali ya Uswidi ilishauri kwamba kazi ya kuunasa ukaa wa mabaki ya miti nayo ipewe lengo lake: tani milioni 1.8 kila mwaka ifikapo 2030, na kati ya milioni 3 na milioni 10 kila mwaka ifikapo 2045. Tume ilishauri pia njia ya malipo, kwa maana hapana mfanyabiashara anayezika hewa kwa ajili ya furaha yake. Serikali ingefanya mnada wa kinyume: badala ya kumtafuta anayetoa bei kubwa, ingemtafuta anayedai malipo madogo kwa kila tani atakayoizika.

Mwezi wa Januari mwaka wa 2025 mshindi wa kwanza alitangazwa. Ni kampuni ya Stockholm Exergi, inayozipasha joto nyumba za mji mkuu. Iliahidiwa kadiri ya kronor bilioni 20 kwa muda wa miaka 15, ili inase tani 800,000 hivi kila mwaka kuanzia mwaka wa 2028. Kazi yenyewe ni hivi. Mti ukikua hunywa ukaa kutoka hewani. Mabaki yake, matawi na maganda, huchomwa katika mtambo wa Värtan. Moshi hupitishwa katika maji ya moto yenye chumvi ya potasiamu, ambayo hushika ukaa na kuuacha moshi mwingine upite. Kisha ukaa hutengwa, hubanwa na kupozwa mpaka uwe kimiminiko, na kupakiwa melini. Meli huupeleka Norwei, ambako husukumwa kwa bomba mpaka chini ya sakafu ya bahari, katika miamba yenye vinyweleo iliyofunikwa na miamba isiyopenyeka. Wanorwei si wageni wa kazi hii. Wameuzika ukaa katika miamba ya Bahari ya Kaskazini tangu mwaka wa 1996.

Linganisha sasa tarakimu, kwa maana hii ndiyo faida ya kuwa nazo. Tume ilishauri tani milioni 1.8 kwa mwaka. Mtambo wa kwanza, ukifaulu kama ilivyopangwa, utatoa tani laki 8, chini ya nusu. Kama lengo la kuondoa lingefichwa ndani ya lengo moja la jumla, upungufu huo usingeonekana. Ungefunikwa na misitu. Na misitu yenyewe haikukaa kimya. Ukame mkali wa mwaka 2018 uliidhoofisha miti ya Uswidi, na wadudu wanaotoboa maganda wakaivamia. Miti ilikua polepole zaidi, na ukaa uliomezwa na misitu ukapungua. Mti ni ghala jema, lakini ni ghala lenye mlango: moto, mdudu na shoka huufungua. Mwamba ni ghala lililofungwa, lakini ni ghali. Tani iliyo katika mti na tani iliyo katika mwamba zina uzito mmoja, bali hazina umri mmoja.

Sheria njema pia haijitendi. Tarehe 1 Januari 2024 serikali ya Uswidi ilipunguza kiasi cha mafuta ya mimea kilichotakiwa kuchanganywa katika petroli na dizeli, ili kuwapunguzia watu bei. Mwaka huo hewa zilizotolewa nchini zilipanda badala ya kushuka. Baraza la wataalamu liliikosoa siasa hiyo hadharani. Wako watakaosema: basi sheria ilifaa nini? Jibu langu ni kwamba ilifaa kwa jambo hilihili. Kwa kuwa kipimo cha kupunguza kilisimama peke yake, hapana aliyeweza kuonyesha mtambo wa Värtan na kusema, "Tazameni, twaondoa!" Ufa ulionekana kuwa ni ufa. Taifa haliwezi kuwekwa huru na kosa, lakini laweza kujiwekea kioo.

Wako pia wanaopinga kwa upande mwingine. Husema kwamba tani ni tani, na kwamba kama kuondoa tani moja ni rahisi kuliko kuacha kutoa tani moja, busara ni kufuata urahisi. Hoja hii si ya kipumbavu, lakini itazame dunia ilivyo. Wanadamu hutoa zaidi ya tani bilioni 37 za ukaa kila mwaka kutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Kazi zote za kuondoa huondoa kama tani bilioni 2, karibu zote kwa miti. Na njia mpya za mitambo na miamba huondoa kadiri ya tani milioni 1.3 tu. Ukiwa na upo mmoja wa kufulia maji, na maji yanaingia kwa mapipa, huwi na hiari ya kuchagua kazi iliyo rahisi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na katika jahazi hapana ukuta wa kujenga.

Sasa turudi nyumbani. Kenya haikujaza anga la dunia. Sehemu yetu katika hewa zinazotolewa haifiki asilimia 1, na haki yataka kwamba walioingiza maji mengi katika jahazi ndio wafue mengi. Hata hivyo nchi yetu nayo imejiwekea lengo: kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka wa 2032. Na katika Ghuba ya Gazi, Kwale, wanakijiji tangu mwaka wa 2013 wamekuwa wakihifadhi hekta 117 za mikoko kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja, wakiuza kazi hiyo ya kuhifadhi ukaa, na kutumia mapato kwa maji na shule. Hayo ni mambo ya kusifiwa. Lakini sifa isitunyime maswali. Mti uliopandwa si mti uliokua. Nasi tunapowauzia wageni tani za ukaa, yatupasa kuuliza zinakwenda upande gani wa hesabu yao: je, ni fidia ya ile sehemu ndogo wasiyoweza kuiacha, au ni pazia la kufunika sehemu kubwa wasiyotaka kuiacha? Mikoko ya Gazi haikuota ili iwe kisingizio cha mtu.

Kwa hiyo, msomaji, utakaposikia nchi, mji au kampuni ikitangaza kwamba katika mwaka fulani mizani yake italingana, usipige makofi upesi wala usidharau upesi. Uliza: mtaacha kutoa kiasi gani? Mtaondoa kiasi gani? Mtakachoondoa mtakiweka wapi, na kwa miaka mingapi? Nani atalipa, na nani atakagua? Palipo na majibu mna ahadi. Pasipo na majibu mna maneno.

Fikiri pia juu ya siku yenyewe. Waliopiga kura huko Stockholm mwaka wa 2017 wengi wao walikuwa watu wazima; mwaka wa 2045 wengi watakuwa wamestaafu, na baadhi yao hawatakuwako. Lakini aliyezaliwa mwaka wa 2010, huko Uswidi au hapa Kenya, siku hiyo atakuwa na miaka 35, mwenye nguvu, mwenye kura, na huenda mwenye watoto. Deni limeandikwa na mmoja, na siku ya malipo itamkuta mwingine. Ndiyo maana vijana wana haki ya kulisoma daftari mapema, mstari kwa mstari, na kukataa kuonyeshwa jumla tu iliyoandikwa chini.